Ndege Wanaotazama Chini

Kinama, Bujumbura
9 Oktoba 1977

Mawazo, mutoto wa mudogo wangu,

Kama barua hii imekufikia, ujue imetembea dunia kuliko mimi. Mutu wa posta aliniuliza, "Mama, Shanghai iko Ulaya?" Nikamwambia iko mbele ya Ulaya, unapita unaendelea. Akabandika timbre nyingi kwenye bahasha kwa heshima.

Huku tuko. Mvua imeanza, Buterere imejaa maji tena na watu wamehamia kwa ndugu zao. Kwangu wamelala binamu wa Dative. Dative unamkumbuka, yule mwenye meza karibu na yangu sokoni. Meno yanamsumbua lakini mdomo haujapata likizo. Mbuzi wako amezaa. Padri anakusalimia, anasema usikose misa. Nilimwambia huko alikokwenda misa hakuna, akasema basi usali peke yako.

Sasa neno. Wameanza kupima uwanja wa kile kiwanda cha nguo. Wachina wamefika, wanavaa kofia za majani, wanatembea na kamba zao kwenye nyasi, mmoja anaandika. Jumapili mi na Dative tulikwenda kuangalia. Ni pakubwa, mutoto wangu. Tulisimama pale jua linashuka, ukungu ukaja kutoka ziwani, na ndani ya ukungu nikaona nguo zimeanikwa, ndefu, hazina mwisho, zinatembea zenyewe. Dative akasema twende, hapa kuna nyoka.

Watu wanasema kiwanda kikifunguliwa vitenge vya nje havitaingia tena. Vya Hollande apana. Vya Japani vinavyopanda boti Kigoma, apana. Hata hivi tunavyopitisha Gatumba toka Zaire, apana. Watu wa ushuru wa duane watafunga mlango ili pamba ya bonde letu la Imbo ibaki hapa, isiende mbichi Ulaya na kurudi shati kwa bei ya ng'ombe. Neno zuri, mi silipingi. Lakini mi nauza vya nje, Mawazo. Ndivyo vilikulisha tangu tuvuke mto Ruzizi, ndivyo vilikulipia shule mpaka serikali ikakuchagua, we mutoto wa wakimbizi, ukajifunze kuchapa nguo. Uko karibu na wenye kuamua kuliko mimi. Uliza, unijibu bila kunificha: nitauza nini?

Mama yako mukubwa,
Mwavita


Shanghai
4 Desemba 1977

Mama Mkubwa,

Barua yako imenikuta na mafua. Niliisoma kitandani, nimejifunika mablanketi na koti juu yake, na kwa muda nikasikia harufu ya ndagala wa ziwa letu. Astère, kijana wa mji wa Ngozi tuliyesafiri naye, analala kitanda cha juu. Aliniomba nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye mdomo wa Dative alicheka mpaka kitanda kikalia. Anakusalimia sana. Mwambie padri nasali. Mbuzi na watoto wake usiwauze.

Asubuhi ya huku haina jua, ina ukungu tu, na ndani ya ukungu watu wanapita kwa baiskeli, wengi kuliko siku ya uhuru, kimya, wote wamevaa buluu. Wanaume buluu, wanawake buluu, watoto wamejazwa pamba ndani ya buluu. Ukiingia kiwandani ndipo unakutana na rangi. Kitambaa kinaingia cheupe upande huu, kinatoka upande ule na manjano, na nyekundu, na kijani cha majani ya sombe, kinapanda karibu na dari kukauka, kinashuka, kinapanda tena. Nikisimama chini yake nasahau niko wapi. Na zote hizo, Mama Mkubwa, ni nguo za Afrika. Nilimuuliza mama mmoja anayechanganya rangi kama naye anazo nyumbani. Akacheka. Hapa kitambaa kinanunuliwa kwa tikiti za serikali, na tikiti hazitoshi. Anachanganya rangi za maua siku nzima, jioni anarudi kwake na buluu yake.

Fundi wetu anaitwa Shen. Anatufundisha kwa vidole na kwa Kifaransa alichojifunza ujanani, Wafaransa walipokuwa na mitaa yao hapa. Alitueleza wax, kitenge cha nta, ilikotoka. Watu wa Java walipaka nta kwa mkono. Waholanzi wakatengeneza mashine ya kuwaiga, Java wakakataa nguo za mashine, basi Waholanzi wakazileta kwetu Afrika. Waingereza wakawaiga Waholanzi, Wajapani wakawaiga Waingereza. "Sisi tunawaiga Wajapani," akasema, "na nyinyi mtatuiga sisi." Astère akauliza, halafu? Fundi akafuta mikono. "Halafu mtafunga mlango na kusema ni yenu tangu zamani." Hakucheka, wala hakukasirika.

Shida yangu ni hii. Kila mwanafunzi ameambiwa achore ua lake, mchoro wa kuchapwa kwenye kitenge. Litakaloshinda litakuwa kitenge cha kwanza cha kiwanda chetu. Wakubwa wamesema wazi: kitenge cha kwanza kisiponunuliwa na wanawake wa Bujumbura, tutakuwa tumejenga ghala la panya. Nisaidie. Wanawake wanataka nini?

Kuhusu lile swali lako, hapa hawatuambii mengi. Nitauliza.

Mwanao,
Mawazo


Kinama
2 Februari 1978

Mawazo,

Pole na mafua. Dative anasema unywe maji ya moto yenye tangawizi, na kama tangawizi hakuna, Wachina wanaishije? Huku mwaka mpya tuliuona salama. Mbuzi mmoja mudogo amekufa, yule mweusi, sikutaka kukuambia. Nimekuambia.

"Nitauliza." Umekuwa mutu wa ofisi upesi. Haya, mi nitakujibu la kwako, hata kama la kwangu umelikalia.

We unajua ninavyofanya, lakini Astère hajui, basi msomee. Wanasema kizuri chajiuza. Uongo. Kitenge kizuri kisicho na jina hakijiuzi hapa, kitakaa mezani mpaka jua likile. Mwanamke haombi nguo nyekundu yenye duara. Anaomba Ukinitaka Bisha Hodi. Anaomba Nitakula kwa Mama. Mwenye ugomvi na mke mwenziwe anataka Usingizi Wako Ndio Bahati Yangu, anapita nayo mbele ya mlango wake polepole, hasemi neno. Na jina halitungwi, Astère. Linakuja. Yule Mgiriki wa barabara ya bandarini akipokea ua jipya toka Hollande ananipa kipande kwanza. Nakikunja, nakiweka chini ya kichwa, nalala. Siku nyingine sioti kitu, siku nyingine naota. Dative anakuja alfajiri na chai yake mkononi, haniamkii, anauliza tu: limekuja? Likija, jioni soko lote wanalo, na wiki ijayo liko Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mgiriki anasema Waholanzi hawajui wanachouza mpaka mi nilale. Anapenda kunisifu ili nisiulize bei.

Kwa hiyo usiniulize wanawake wanataka nini. Chora kitu ambacho mutu anaweza kulala nacho. Usichore mashine. Usichore sura ya mkubwa yeyote, kesho atapinduliwa na pisi za kitenge zitabaki kwangu. Usichore mwenge wala nyundo. Chora ulichokipenda ukiwa hujajua kwamba unapenda.

Zaire nao wamebana mpaka upande wao. Gatumba sasa wanafungua hata mzigo wa mihogo. Mgiriki ameagiza kidogo mwezi huu, anasema anasikiliza upepo. Mi nasikiliza posta.

Mwavita


Shanghai
16 Aprili 1978

Mama Mkubwa mpenzi,

Pole kwa mbuzi mweusi. Huku baridi imeondoka na miti imetoa maua kabla ya majani, jambo ambalo Astère hajalikubali bado. Mimi ni mzima. Nimenenepa kwa mkate wa mvuke.

Maneno yako niliyafuata. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza nilipenda nini kabla ya kujua. Kisha Jumapili moja, mvua nyepesi, wenzangu wameenda mtoni, nikasinzia mezani na kikaja chenyewe: kile kitenge cha mama. Kijani cha maji, na ndege wadogo wa manjano, wengi, mabawa wazi. Nadhani ulikuwa nacho hata wewe zamani, lakini sokoni sijawahi kukiona tena.

Unajua mama simkumbuki vizuri. Sauti yake imepotea, na uso wake nauazima kwako. Ila kuna siku moja ninayo nzima. Ni mchana. Mama amelala chini kwenye mkeka, mlango uko wazi, mwanga umeingia mpaka ukutani. Nyumba imejaa watu, wanaongea polepole ili wasimwamshe, hata wewe unaongea polepole. Mimi nimekaa kichwani pake. Amejifunika kile kitenge, na ndege wote wanakuja kwangu. Nilifurahi sana, sijui kwa nini. Naamini ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote.

Nilichora hivyohivyo. Fundi Shen aliuliza kwa nini ndege wanatazama chini. Nikamjibu, ndivyo walivyokuwa. Akaniangalia, akasema tusiwaguse basi.

Mama Mkubwa, ndege wangu wameshinda. Ndani ya barua hii, kwa mkono wa daktari wa Kichina anayekuja Bujumbura, utapata kipande cha kwanza. Nakuomba ukiweke chini ya kichwa. Usinionee huruma. Kama hakuna jina, niambie.

Mawazo wako


Shanghai
23 Julai 1978

Mama Mkubwa,

Natumaini mko wazima nyote. Daktari aliandika kwamba alikukabidhi bahasha mkononi mwezi wa tano, na kwamba ulimpa ndizi. Tangu hapo kimya.

Labda umesikia la sheria kabla yangu. Afisa aliyetoka Bujumbura alikuja wiki hii, nikamuuliza mbele ya watu kama nilivyokuahidi. Ni kweli. Ushuru wa vitenge vya nje utapanda sana, na kiwanda kikianza vitazuiwa kabisa. Alisema kahawa yetu Waamerika wanapanga bei wao, na nguo zetu watu wa nje wanapanga bei wao, basi walau mlango uwe wetu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi pia, Mama Mkubwa, kwa sababu niliona ana haki. Nikarudi chumbani nikalala bila kula, kwa sababu niliiona meza yako.

Kama umekasirika nigombeze. Kimya chako ni kirefu.

Mawazo


Kinama
10 Septemba 1978

Mawazo,

Tuko wazima. Jua limekuwa kali, ziwa limekaa kimya, ndagala zimejaa ufukwe wa Kajaga mpaka wanawapa bata. Dative aling'oa jino, sasa anapiga mluzi akisema neno "soko". Mbuzi mukubwa ana mimba tena. Paa lilivuja upande wa jikoni, tumelirudishia. Padri amehamishwa, huyu mpya ni kijana, anahubiri mpaka wali unaungua.

Gatumba walichukua mzigo wangu. Ulikuwa wa Hollande mtupu. Mutu wa duane alinipa pole, alisema mama yake naye anavaa jina langu, halafu akauchukua. Sikulia pale. Nilipita njia ya mashamba ya mpunga, nikakaa kidogo.

Kitambaa chako kilifika. Kiko kwenye sanduku. Rangi zimekaa vizuri, mkono wako umetulia. Sijalala nacho.

Nyumba ya jirani wameweka umeme. Ukirudi utaona.

Mwavita


Shanghai
12 Novemba 1978

Mama Mkubwa,

Nashukuru kwa habari za ndagala, za jino, za paa na za padri. Nimezisoma mara nyingi nikitafuta barua yenyewe iko wapi.

Nisamehe kwa kuanza hivyo. Astère alisema nisikutumie, natuma. Umenilea wewe. Najua ukikasirika unavyokuwa: unapiga sufuria, unataja ukoo wa baba yangu, kisha unapika. Hii si hasira yako. Umeandika juu ya kitambaa changu kama mtu anavyoandika juu ya mzigo wa mgeni.

Mwezi wa nne watachapa hapa majora ya kwanza. Yatatangulia kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, kwa boti mpaka kwenu, wanawake wayaone kabla kiwanda hakijafunguliwa. Wakubwa wanadhani kazi ni mashine. Mimi najua yatafika Bujumbura hayana jina na yatakaa mezani jua liyale. Na wewe, Mama Mkubwa, vya nje vikishazuiwa, utauza nini kama si hivi? Mwaka jana uliniuliza, sikuwa na jibu. Sasa jibu liko kwenye sanduku lako na hutaki kulifungua.

Juzi nilisinzia kiwandani, kwenye joto la mvuke. Niliota watu wa baiskeli wameacha buluu, mji mzima umevaa ndege wangu, wanapita polepole kwenye ukungu, na kila mmoja anageuka kuniuliza kitu kwa Kichina. Nilikuwa nayaelewa maneno yote ila moja. Nadhani walikuwa wanauliza kinaitwaje.

Niambie kuna nini. Hata kama ni ua baya.

Mawazo


Kinama
4 Februari 1979

Mawazo, mutoto wangu,

Leo salamu zitakuja mwisho. Nikizianza nitaandika mambo ya mbuzi mpaka karatasi iishe, kama nilivyofanya mwezi wa tisa.

Si kiwanda. Hasira ya kiwanda nilikuwa nayo, kidogo bado ninayo, na hiyo sheria siipendi hata ikisemwa kwa Kifaransa kizuri. Lakini si hiyo iliyonishika mkono.

Ulisema mama yako alikuwa amelala mchana na watu wanaongea polepole. Mutoto wangu, Geneviève hakuwa amelala. Ile ni siku tuliyomzika. Tulikuwa bado Buterere, hatujamaliza mwaka tangu tuvuke, mwaka ule wa vita vya Uvira. Homa ya maji yale ilimshika, haikumwacha. Kitenge kile ndicho alichovuka nacho amejifunga, hakuwa na kizuri zaidi, basi tukamfunika nacho. Wanawake walikupeleka nje ucheze. We ukazunguka nyuma ya nyumba, ukaingia, ukakaa kichwani pake, ukaanza kuwagusa ndege kwa kidole, huyu, na huyu, unacheka nao. Nilisimama nikuondoe. Nikaona mwache, hiyo ndiyo furaha ambayo mama yake anaweza kumpa leo. Baadaye tulikuambia amekufa, na ulilia kama watoto wote. Ila hukuunganisha kifo na ile siku ya ndege, na mi nilifurahi kwamba hukuunganisha. Ulipoandika kwamba ndiyo siku uliyofurahi kuliko zote, nilifunga barua nikaiweka pamoja na kitambaa. Ningekujibu nini? Nikunyang'anye?

Nilikitambua kwa wale ndege. Mutu akisimama amekivaa, ndege wanapanda, wanakwenda juu kifuani. Anayewaona wanakuja chini ni yule aliyekaa kwenye kichwa cha mutu aliyelazwa. Yule fundi wako aliuliza swali la mutu mzima, na nadhani alijijibu mwenyewe.

Kitenge hicho nilikipa jina mimi, tungali Uvira. Kiliitwa Twende Wote. Baada ya kumzika sikukiweka tena mezani. Dative naye akakiondoa kwake, na mwenye meza ya tatu, na wengine, hakuna mutu aliyewaambia. Mgiriki alishangaa. Alishusha bei, hakuna aliyenunua. Akawaandikia wenyewe kwamba Bujumbura wamekichoka. Nafikiri huko Hollande walikaa mezani na kalamu zao wakasema ni Wajapani, au ni ushuru, au ni bei ya kahawa. Ilikuwa Geneviève.

Sasa sikia. Wiki iliyopita barua yako ya Novemba ilifika, niliisoma sokoni, Dative akaniona uso. Akaniambia, "Mwavita, mutoto anaomba jina, haombi roho yako." Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikakikunja, nikalala nacho.

Nikaona Buterere imejaa maji, lakini maji yenyewe yana mwanga ndani, na mpunga umesimama juu yake bila kugusa. Geneviève amelazwa palepale kwenye mkeka. Watu wanapita kando yake kwa ncha za vidole: Wachina na kamba zao, Mgiriki amevua kofia, yule mutu wa duane amebeba mzigo wangu kichwani kama mwanamke. Wote wanaogopa kumwamsha. Na we uko pale, mudogo, kichwani pake. Halafu akakaa. Akakuangalia. Akavuta kitenge, akasimama, akajifunga kama alivyokuwa akijifunga, pindo la kushoto juu, na ndege wote wakawa wanapanda. Alisema neno moja tu, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Dative alikuja na chai yake. "Limekuja?" Nikamwambia limekuja. "Linaitwaje?"

"Nimeamka."

Dative alikuwapo siku ile ya Buterere, yeye ndiye aliyekupeleka nje ucheze. Aliketi kwenye kigoda, akalia bila sauti, chai ikapoa. Kisha akajifuta, akauliza atapata majora mangapi, na kama mi nitapata zaidi yake.

Basi waambie wachape. Tayari wanawake wananiuliza Nimeamka inafika lini, na hakuna aliyeiona. Mgiriki amesikia, amekunja mikono, anasema anahamia Kigali. Alinipa pisi moja ya mwisho ya Hollande, sitaiuza, nitaiweka kwa ajili ya mke wako. Nitauza Nimeamka, na pamba itakuwa ya Imbo, mashine za Wachina, ua la Hollande waliloliacha wenyewe. Kama kuna mutu anataka kuniambia ni la nani, aje mezani kwangu.

Usibadilishe kitu, sikia vizuri. Ndege wabaki wanatazama chini, kama ulivyowaona. Ulichokuwa nacho siku ile ni chako na kilikuwa kweli, furaha hairudishwi duane. Kila mwanamke atakayekinunua atakifungua asubuhi, atakigeuza mwenyewe, ndipo ajifunge.

Salamu sasa. Tuko wazima. Mbuzi amezaa pacha. Astère nimemwekea mmoja kama atakubali miti ya huko inavyotoa maua.

Siku boti yako ikifika toka Kigoma nitakuwa bandarini nimekivaa. Usinizunguke kwa nyuma. Njoo kwa mbele, usimame, uwaangalie wanavyopanda.

Mama yako,
Mwavita